Njia ya kwenda Brazzaville: shujaa aliyeuchoka ulimwengu katika sinema na katika historia

0. Utangulizi

Sinema ya Kimarekani iitwayo Casablanca, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini New York tarehe 26 Novemba 1942, humalizika usiku katika uwanja wa ndege uliofunikwa na ukungu. Wanaume wawili wamebaki nyuma. Mmoja ni Rick Blaine, Mmarekani mwenye mkahawa. Mwingine ni Kapteni Renault, mkuu wa polisi ya Kifaransa. Ndege imekwisha kuruka, imemchukua mwanamke ambaye Rick anampenda pamoja na mume wake. Afisa wa Kijerumani aliyetaka kuizuia ameuawa kwa risasi ya Rick. Ndipo Renault anapomshauri mwenzake atoweke mjini kwa muda, akamtajia kikosi cha Wafaransa Huru kilichoko Brazzaville. Wanatembea pamoja, ukungu unawameza, na hadithi inakwisha.

Kwa watazamaji wengi wa Ulaya na Marekani jina hilo la Brazzaville ni jina la mahali pa mbali tu, penye kuwafaa watu wanaotoweka. Kwetu sisi tulio Kongo, jina hilo haliwezi kupita hivi hivi. Brazzaville ni mji unaotazamana na Kinshasa ng'ambo ya mto. Mwezi Desemba 1941, ambao ndio wakati wa hadithi ya filamu hii, mji huo ulikuwa na watu wake, matumaini yake na magereza yake.

Makala haya yanakusudia kuchunguza mambo mawili. La kwanza ni kufahamu shujaa wa namna ya Rick ni mtu gani: mtu anayedai kwamba haamini chochote, lakini saa ya kuchagua ikifika huonekana kwamba hakuwa ameiacha imani yake. La pili ni kuipima imani hiyo kwa historia ya mahali anapokwenda, na kuuliza ilikuwa na upana gani.

Kuhusu neno lenyewe, kamusi hutupa «ubeuzi», kutoka kitenzi kubeua, yaani kudharau. Mbeuzi ni mtu aonaye kwamba nyuma ya kila tendo jema kuna faida iliyofichwa. Yafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba Wagiriki wa kale waliokuwa wa kwanza kupewa jina hilo katika lugha za Ulaya, jina litokanalo na neno lao la mbwa, hawakuwa watu wasio na imani. Diogenes alidharau mali na vyeo kwa sababu aliuthamini wema kuliko vyote. Yasimuliwa kwamba alitembea mchana na taa akitafuta mtu wa kweli. Anayetafuta bado hajakata tamaa.

Swali hili si la wapenzi wa sinema peke yao. Katika nchi ambamo kila mtu anaijua ile sheria ya mzaha iitwayo «Kifungu cha 15», yaani jitafutie mwenyewe, ubeuzi huonekana mara nyingi kama ndiyo akili, na imani kama ujinga wa vijana. Shujaa wetu naye alikuwa na mkahawa, pesa na kanuni moja: kutojihatarisha kwa ajili ya mtu yeyote. Kwa nini basi hakubaki mkahawani?

1. Mtu aliyekwisha kuumwa

Kosa la kwanza la kuepuka ni kumdhania Rick kuwa mtu asiyejali ambaye ghafula amegeuka mwema. Filamu yenyewe yatukataza. Mapema kabisa tunaelezwa habari zake mbili. Mwaka 1935 alipeleka silaha Uhabeshi, wakati Italia ya Mussolini ilipoivamia nchi ile. Mwaka 1936 alipigana Hispania upande wa Jamhuri dhidi ya Jenerali Franco. Renault anapomkumbusha mambo hayo, Rick hujitetea kwamba alilipwa vizuri. Renault naye humjibu kwamba upande ulioshinda ungalimlipa vizuri zaidi.

Jibu hilo la Renault ndilo ufunguo wa tabia yote. Mara mbili Rick alichagua upande, na mara zote mbili upande huo ulishindwa. Mei 1936 Waitalia waliingia Addis Ababa. Machi 1939 Madrid ilianguka. Kisha ikaja mara ya tatu: Juni 1940 alikuwa Paris, Wajerumani wakaingia, na siku ya kukimbia mwanamke aliyempenda, Ilsa, hakufika kwenye gari la moshi. Sababu ataijua baadaye: mume wake, Victor Laszlo, kiongozi wa harakati za upinzani, aliyedhaniwa kuwa amekufa kambini, alikuwa hai.

Wahenga wamesema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ubeuzi wa Rick ni woga wa namna hiyo. Anakaa mkahawani, hanywi na wateja, hazungumzi siasa. Anajua bei ya kuamini kwa sababu ameilipa. Basi uchovu wake si ukosefu wa imani. Ni kovu la imani. Mtu ambaye hakupenda kitu hawezi kuchoka hivyo.

Tena, hata katika siku za ubeuzi wake, matendo yanapingana na maneno. Ferrari, mfanyabiashara wa magendo, anapotaka kumnunua Sam, mpiga piano Mwafrika-Mmarekani, Rick humjibu kwamba yeye hanunui wala hauzi binadamu. Na Ferrari hasiti kumwambia kwamba mjini Casablanca binadamu ndio bidhaa kubwa kuliko zote. Binti mmoja wa Bulgaria anamjia akiwa na shida: mume wake anajaribu kamari ili wapate pesa za viza, na Renault ametaka malipo mengine, ya aibu, kutoka kwake. Rick anamjibu kwa ukali, kisha anakwenda kwenye meza ya kamari na kumwelekeza kijana aweke pesa zote kwenye namba 22, mara mbili mfululizo. Wafanyakazi wake wanamtazama kwa furaha, naye anakasirika kwa kuonekana akitenda wema.

Halafu yaja saa ya nyimbo. Maafisa wa Kijerumani wanaimba wimbo wao mkahawani. Laszlo anawaendea wanamuziki na kuwataka wapige wimbo wa taifa la Ufaransa. Wanamuziki wanamtazama mwenye mkahawa. Rick hasemi neno. Anaitikia kwa kichwa tu. Kwa ishara hiyo ndogo anaupoteza mkahawa wake, kwani polisi wataufunga usiku ule ule. Shujaa wa aina hii haongozwi na hotuba. Hotuba amekwisha kuzisikia. Huongozwa na mtu mmoja aliyesimama mbele yake na kuhitaji jambo moja.

Hapo ndipo anapotofautiana na Renault. Renault naye ni mbeuzi, tena mchangamfu: anakula rushwa, anaonea wanawake, na anatangaza kwamba hufuata upepo unakovuma. Tofauti kati yao haimo katika maneno, kwa maana wote wawili husema lugha moja. Imo katika yale waliyoyafanya kabla ya kuchoka. Rick ana jambo la kurudia. Renault, mpaka dakika ya mwisho, hana. Anapoitupa chupa ya maji ya Vichy katika pipa la taka ndipo anapoanza.

2. Waliotengeneza hadithi

Shujaa huyu hakuzuka katika filamu moja. Miaka ya 1920, baada ya vita vikuu vya kwanza, wasomaji wa Marekani walikuwa wamechoshwa na maneno makubwa ya utukufu yaliyowapeleka vijana katika mahandaki. Dashiell Hammett, aliyewahi kuwa mpelelezi wa kulipwa, aliandika hadithi za wapelelezi wasiomwamini mtu. Riwaya yake iliyotoka kitabu mwaka 1930 ilitengenezwa filamu na John Huston mwaka 1941, The Maltese Falcon, na mwigizaji Humphrey Bogart akawa Sam Spade: mtu mkavu asiyeonekana kumpenda hata mwenzake wa kazi, lakini asiyekubali aliyemuua mwenzake huyo aachwe huru, hata kama muuaji ni mwanamke aliyemvutia. Imani ya Spade ilikuwa nyembamba, imani ya kazi tu. Mwaka uliofuata Bogart huyo huyo alipewa Rick, na imani ile nyembamba ikapanuliwa hadi ikawa siasa.

Upanuzi huo ulikuwa na sababu zake katika historia. Hadithi ilitokana na tamthilia ya Murray Burnett na Joan Alison ambayo ilikuwa haijachezwa. Burnett alikuwa amezuru Vienna mwaka 1938, baada ya Austria kumezwa na Ujerumani, na akaona mateso ya Wayahudi. Kampuni ya Warner, iliyonunua tamthilia, ilikuwa imeacha biashara yake Ujerumani tangu 1934, mapema kuliko kampuni nyingine kubwa za Hollywood. Septemba 1941 kamati ya Baraza la Senati mjini Washington ilimhoji Harry Warner kwa tuhuma kwamba filamu za kampuni yake zilikuwa zikiwachochea Wamarekani waingie vitani. Kutojali, basi, hakukuwa tabia ya Rick peke yake. Kulikuwa siasa ya taifa zima mpaka tarehe 7 Desemba 1941, Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor. Filamu inawekwa katika siku chache kabla ya tarehe hiyo kwa makusudi. Rick ni Marekani iliyolala.

Lakini kinachoipa filamu uzito wake ni watu walioicheza. Mwelekezi, Michael Curtiz, alizaliwa Budapest. Conrad Veidt, anayemwigiza afisa wa Kijerumani, alikuwa Mjerumani aliyeihama nchi yake mwaka 1933 kwa kuuchukia utawala wa Hitler. Peter Lorre naye aliondoka Ujerumani mwaka huo huo. Helmut Dantine, anayemwigiza kijana wa Bulgaria, alifungwa kambini baada ya Wanazi kuitwaa Austria. Marcel Dalio na mkewe Madeleine Lebeau walikimbia Paris Juni 1940, wakapitia Lisbon kama wakimbizi wa hadithini. Machozi yanayoonekana usoni mwa Lebeau wakati wa wimbo wa taifa hayakuhitaji kufundishwa. Nyuma ya uchovu wa Rick, ambao ni wa kubuni, mkahawa umejaa uchovu wa kweli.

Historia ikaisaidia kampuni. Majeshi ya Marekani na Uingereza yalitua Afrika ya Kaskazini tarehe 8 Novemba 1942, Casablanca ikiwa mojawapo ya shabaha zao. Onyesho la kwanza likafanywa siku 18 baadaye. Januari 1943, filamu ilipotolewa kwa wote, Roosevelt na Churchill walikuwa katika mkutano mjini humo humo. Mwaka 1944 ilipata tuzo ya filamu bora.

3. Imani ikiondolewa

Kuna ushahidi wa ajabu unaotusaidia kupima imani ina kazi gani ndani ya shujaa huyu. Mwaka 1952 filamu ilitolewa Ujerumani ya Magharibi ikiwa imekatwa. Wanazi wote waliondolewa, na wimbo wa taifa pamoja nao. Laszlo akageuzwa kuwa mwanasayansi wa atomi kutoka Norwe. Filamu ilipungua kwa dakika 25 hivi. Kilichobaki kilikuwa hadithi ya mwanamume aliyeachwa na mpenzi wake. Ndiyo kusema kwamba ubeuzi bila imani iliyojeruhiwa si kitu ila huzuni ya mapenzi na sigara. Wajerumani walirudishiwa filamu kamili katika lugha yao mwaka 1975 tu.

Aina hii ya shujaa iliendelea, na mara moja ilifika kwetu kwa miguu yake. Mwaka 1951 John Huston alimleta Bogart na Katharine Hepburn katika Kongo ya Wabelgiji kupiga sehemu ya The African Queen, kando ya mto Ruiki, karibu na Ponthierville, yaani Ubundu ya leo, kabla ya kuhamia Uganda. Hapa Bogart ni Charlie Allnut, fundi mlevi mwenye mashua chakavu katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914. Allnut anataka kujificha mpaka vita viishe. Dada wa mmisionari, Rose, anamsukuma wakashambulie meli ya Kijerumani ziwani. Ni Rick yule yule, ila amefanywa wa kuchekesha. Kwa uigizaji huo Bogart alipata tuzo yake ya pekee ya Hollywood.

Watu wa Tanganyika wanajua kwamba katika historia ya kweli kazi haikufanywa na mtu mmoja na mashua yake. Mwaka 1915 Waingereza walizileta mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou, kwa meli mpaka Cape Town, kwa reli mpaka Katanga, kisha zikavutwa porini na kupandishwa milima ya Mitumba hadi ziwani, penye mji wa Kalemie wa leo. Mamia ya Waafrika walikata njia, walijenga madaraja na kubeba maji na kuni za mitambo ya kuzivuta. Majina yao hayamo katika riwaya wala katika filamu. Shujaa mmoja mchovu amechukua nafasi ya watu wengi waliochoka kwa kazi. Jambo hili tulishike, maana litarudi Brazzaville.

Na mwigizaji mwenyewe? Oktoba 1947 Bogart aliongozana na wenzake hadi Washington kuwatetea waandishi na waelekezi wa filamu walioitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyowatafuta Wakomunisti. Magazeti yakamshambulia, kazi yake ikawa hatarini, na mwaka 1948 akaandika katika gazeti la sinema kwamba yeye si Mkomunisti na kwamba safari ile haikuwa ya busara. Howard Koch, mmoja wa walioiandika Casablanca, alinyimwa kazi Hollywood miaka ya 1950. Hatusemi hayo kumhukumu Bogart. Twaonyesha tu kwamba katika filamu tendo la mwisho hufanywa mara moja, ukungu ukashuka. Katika maisha, kesho yake kuna magazeti, mkataba na watoto. Kuishikilia imani kwa dakika moja ni jambo gumu. Kuishikilia kwa miaka ni jambo jingine kabisa.

4. Brazzaville, Desemba 1941

Sasa tuwafuate Rick na Renault huko walikosema wanakwenda. Brazzaville waliyoitaja ilikuwa kitu cha kweli. Tarehe 26 Agosti 1940 Chad, chini ya gavana wake Félix Éboué, mtu mweusi mzaliwa wa Cayenne, ilikataa kuitii serikali ya Vichy. Kameruni ikafuata tarehe 27, na Brazzaville tarehe 28, ilipochukuliwa na Kanali de Larminat aliyevuka mto kutoka Léopoldville. Tarehe 27 Oktoba Jenerali de Gaulle alitangaza mjini humo kuundwa kwa Baraza la Ulinzi la himaya. Ufaransa Huru, ambayo haikuwa na hata shamba moja katika Ufaransa yenyewe, ilipata ardhi, kodi, redio na askari katika Afrika ya Ikweta. Machi 1941 kikosi cha Leclerc kilichotoka Chad, wengi wao wakiwa Waafrika, kiliwashinda Waitalia huko Koufra, jangwani Libya.

Ng'ambo ya mto, Kongo ya Wabelgiji nayo ilikuwa vitani. Uhabeshi ile ambayo Rick aliipelekea silaha mwaka 1935 ilikombolewa mwaka 1941, na miongoni mwa waliopigana walikuwamo askari wa Force Publique kutoka Kongo, walioiteka Asosa mwezi Machi na Saio mwezi Julai, Jenerali Gazzera wa Italia akasalimu amri. Kwa hiyo, kile Rick alichokidhania kuwa kimeshindwa hakikuwa kimeshindwa; kilimaliziwa na watu ambao filamu haikuwajua.

Lakini kuna upande wa pili. Katika Kongo hiyo hiyo, mwezi ule ule wa hadithi, wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mishahara iliyomezwa na bei za vita. Tarehe 9 Desemba 1941, mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, askari waliwafyatulia risasi katika uwanja wa mpira; makumi ya watu walikufa, miongoni mwao Léonard Mpoyi, msemaji wao. Serikali iliyopigania uhuru wa Ubelgiji iliyaongeza pia masiku ya kazi za lazima vijijini, kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka.

Na ndani ya Brazzaville yenyewe alikuwako mtu mmoja ambaye mtunga filamu angalimtaka kama angalijua habari zake. André Grenard Matsoua alizaliwa mwaka 1899 karibu na Kinkala. Bogart naye alizaliwa mwaka huo huo. Matsoua aliingia jeshi la Ufaransa, akapigana Moroko katika vita vya Rif katikati ya miaka ya 1920. Njia ya Moroko na Kongo, ambayo Rick anaianza mwishoni mwa filamu, yeye alikuwa ameipita miaka mingi kabla, kwa upande wa pili. Mwaka 1926 aliunda mjini Paris chama cha Amicale cha wenyeji wa Afrika ya Ikweta, akaiomba Ufaransa itimize yale iliyoyafundisha: usawa mbele ya sheria, na mwisho wa utaratibu ulioruhusu mzalendo kuadhibiwa bila hukumu. Jibu lilikuwa kukamatwa mwaka 1929, kuhukumiwa Brazzaville mwaka 1930 na kupelekwa uhamishoni Chad. Alitoroka, akarudi Ufaransa kwa siri.

Hapa mbeuzi yeyote angalisema: sasa amejifunza. Lakini vita vilipoanza, Matsoua aliingia tena katika jeshi la nchi iliyomfunga, akajeruhiwa. Mwaka 1940 alikamatwa hospitalini mjini Paris na kurudishwa Brazzaville. Mwaka 1941, mji ukiwa tayari makao ya Ufaransa Huru, alihukumiwa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Alifariki gerezani Mayama tarehe 13 Januari 1942. Wafuasi wake hawakukubali kwamba amekufa. Katika chaguzi zilizokuja baada ya vita waliendelea kumpigia kura mtu aliyekwisha kuzikwa.

Tuhesabu tarehe. Rick na Renault wanaingia katika ukungu mwanzoni mwa Desemba 1941. Kama wangalifika Brazzaville kwa haraka, wangalikuta kwamba serikali waliyokuja kuipigania kwa jina la uhuru inamfunga mtu aliyeliamini jina hilo kuliko wao, naye akiwa na wiki chache tu za kuishi.

5. Upana wa imani

Je, tuseme basi kwamba imani ya Rick ilikuwa uongo? Hapana. Wakimbizi waliolia katika mkahawa ule hawakuwa wakidanganya, na Ujerumani ya Hitler ilistahili kupigwa vita. Tatizo ni upana. Moroko ilikuwa chini ya Ufaransa tangu 1912. Lakini katika filamu inayoitwa kwa jina la mji wa Moroko, Wamoroko ni wachuuzi, mabawabu na wapita njia. Hakuna anayewauliza kama nao wanataka uhuru. Tarehe 11 Januari 1944 walisema wenyewe, katika tangazo lao la kudai uhuru, na wakaupata mwaka 1956. Sam, rafiki wa kweli wa Rick tangu Paris, hubaki akimwita bwana. Anapouza mkahawa, Rick anahakikisha kwamba Sam atapata sehemu ya faida, lakini hakuna aliyemwuliza Sam kama anataka kubaki.

Mkutano wa Brazzaville wa Januari na Februari 1944 unaonyesha mpaka huo huo kwa lugha ya serikali. Ulipendekeza mambo mema, kama vile kukomesha kazi za lazima. Ulikataa pia wazo lolote la makoloni kujitawala, hata kwa siku za mbali, na hapakuwa na wajumbe Waafrika waliochaguliwa na wananchi. Éboué mwenyewe, ambaye Novemba 1941 alikuwa ametoa waraka juu ya siasa mpya kwa wenyeji, aliutumikia mpango huo kwa uaminifu, akafariki Cairo Mei 1944. Alikuwa mtu mwenye imani, naye alitawala mji ambamo Matsoua alihukumiwa. Historia haitupi nafasi ya kugawa watu kwa wepesi kama filamu.

Hitimisho

Tulianza kwa kuuliza kwa nini mwenye mkahawa hakubaki mkahawani. Jibu letu ni kwamba hakuwa mbeuzi kamili. Alikuwa mwamini aliyeshindwa mara tatu, na uchovu wake ulikuwa mlinzi aliyewekwa mlangoni pa imani ili isiumizwe tena. Mlinzi huyo aliondoka hakuna hotuba iliyomfukuza, bali watu wachache waliokuja na shida zao. Hilo ndilo fundisho la kudumu la shujaa wa aina hii, na ndiyo sababu watu waliochoka, katika nchi nyingi, humpenda.

Lakini tuliomsindikiza mpaka kwetu tuna jambo la kuongeza. Tumewaona watu wawili wa mwaka 1899. Mmoja aliigiza uchovu kwa ustadi mkubwa, na jina lake linajulikana dunia nzima. Mwingine alikuwa na kila sababu ya kuchoka: alisalitiwa na jeshi lake, na mahakama, na nchi aliyoimwagia damu mara mbili. Hakutuachia ubeuzi. Alituachia madai yale yale, bila kuyapunguza, na watu waliokataa kumsahau.

Vijana wetu wakisema kwamba kuamini ni ujinga na kwamba mwenye akili hujitafutia, hatuna haja ya kuwakemea; mara nyingi wanasema kwa maumivu, na maumivu ni dalili kwamba kuna kitu walichokipenda. Tuwaulize tu kile Renault alichomwuliza Rick kwa njia yake: kama ni faida uliyoitafuta, mbona ulikuwa upande ule? Kisha tuwasimulie habari za mtu wa Kinkala, aliyeijua njia ya Moroko na Kongo kabla sinema haijaitaja, naye hakuwa na ukungu wa kumficha.